Oili nzito si dawa ya injini inayogonga

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wetu wanaopenda magari ya kasi, nayo ni kwamba injini ikianza kupiga kelele, dawa yake ni kuimiminia oili nzito kuliko ile aliyoagiza mtengenezaji. Imani hiyo nimeisikia katika gereji za Nairobi, katika vituo vya petroli na, ajabu ya Mungu, hata katika kumbi za chuo, kutoka kwa wanafunzi wa shahada ambao wangeweza kuandika kanuni za msuguano kwa Kiingereza bila kusita. Mimi ni mwanaisimu wala si mhandisi, na yamkini msomaji anajiuliza kilichonipeleka huko. Jibu langu ni kwamba jambo hili, likichunguzwa kwa makini, ni suala la lugha kama lilivyo suala la chuma na mafuta. Isitoshe, limewagharimu vijana wengi fedha ambazo hawakuwa nazo.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha gereji, oili huwa "nzito" au "nyepesi". Wapo wasomi wanaolikejeli neno hilo, wakidai kwamba linachanganya uzito wa mizani na ule ugumu wa kitu kutiririka ambao kamusi zetu za sayansi huuita mnato. Kejeli hiyo siiungi mkono hata kidogo. Tangu lini Mswahili akahitaji mizani ndipo aseme uji ni mzito au mchuzi ni mwepesi? Mama asemapo uji ni mzito, huwa anazungumzia jinsi unavyouacha mwiko. Fundi alilitwaa neno la jikoni akalipeleka gerejini, na huko likafika mahali pake. Oili zote, nzito kwa nyepesi, huelea juu ya maji, na ukizipima lita kwa lita utaona tofauti ndogo mno. Zinachotofautiana ni mwendo.

Tatizo liko kwingine. Neno "nzito" katika Kiswahili halikuja peke yake. Lilikuja na sifa zake. Uji mzito ndio unaoshibisha. Mtu mzito ndiye anayepewa kiti cha mbele. Hoja nzito ndiyo inayoshinda mjadala, ilhali hoja nyepesi hutupiliwa mbali. Kwa hivyo kijana anaposimama mbele ya rafu ya duka la vipuri na kuambiwa kwamba huu ni mkebe wa oili nyepesi na ule ni wa oili nzito, lugha yake imekwisha kumchagulia kabla hajafungua kitabu cha gari lake. Atauchukua ule mzito, tena kwa fahari.

Nambari zilizochapishwa juu ya mkebe nazo hazimsaidii, maana hakuna aliyemfundisha kuzisoma. Chukua mfano wa 5W-30. Wengi hudhani herufi W inasimamia neno la Kiingereza la uzito. Sivyo. Inasimamia majira ya baridi, na nambari inayoitangulia hueleza jinsi oili inavyojimudu katika baridi kali: ile ya 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sufuri, na ya 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sufuri. Asubuhi za Julai hapa Nairobi, ambapo sisi huvaa makoti na kulalamika, kipimajoto huwa bado kiko karibu na nyuzi 10 juu ya sufuri. Nambari ya pili ndiyo inayotugusa zaidi. Hiyo hupimwa injini ikiwa imeshika moto, kwenye nyuzi 100. Oili ya daraja la 30 huwa na mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya daraja la 40 huanzia 12.5 hadi 16.3, ya daraja la 50 huanzia 16.3 hadi 21.9. Tazama basi kwamba 30 si thelathini ya kitu chochote. Ni jina tu la daraja. Walimu wa Kiswahili watanielewa upesi, kwa kuwa tangu zamani wanaisimu wamezipa ngeli za nomino nambari, na hakuna aliyewahi kusema ngeli ya 7 ina nguvu kuliko ngeli ya 5. Tofauti ni kwamba nambari za oili angalau hupanda kwa mpangilio wa mnato.

Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo vijana wengi hulikataa wanapoambiwa mara ya kwanza. Oili ya kawaida ikiwa na joto la nyuzi 40 huwa na mnato wa mara sita au saba zaidi ya ule iliyo nao kwenye nyuzi 100. Maana yake ni kwamba ile oili wanayoiita maji, ile ya 0W-20, injini inapokuwa haijapata moto, ni nzito kuliko 20W-50 iliyochemka barabarani! Gari linapowashwa asubuhi, hakuna oili nyepesi ndani yake. Kuna nzito na nzito zaidi, na ile nzito zaidi ndiyo inayokawia kufika juu inakohitajika.

Na inahitajika kwa nini? Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akifanya majaribio ya beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili apitishie mafuta, na mashine ilipozunguka, mafuta yakatoka kupitia tundu lile lile badala ya kuingia. Akaziba kwa kizibo cha gome, kikasukumwa nje. Akaziba kwa kipande cha mti. Nacho kikasukumwa nje. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mafuta yaliyo kati ya vyuma viwili vinavyozunguka hayakai tu kama mafuta ya nywele. Yanavutwa ndani, yanabanwa, yanapata shinikizo la kutosha kubeba mzigo wote, na chuma huelea juu yake bila kugusa chuma kingine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds wa Manchester aliandika hisabati ya jambo hilo, na hisabati hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo. Utando huo wa oili ni mwembamba mno, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Unene wake hutegemea mnato wa oili, kasi ya mzunguko na mzigo uliopo. Utando ukiwa mnene, hodi za chuma hufifia kama za mtu abishaye mlango uliowekewa blanketi. Hapa basi imani ya vijana wetu ina chembe ya ukweli: oili nzito kweli hupunguza baadhi ya kelele. Swali ni kelele ipi, na kwa gharama gani.

Nitalichukua gari ambalo vijana wa Kenya wanalijua kuliko jingine lolote, yaani Subaru Impreza ya WRX. Sihitaji kueleza lilivyopata sifa zake hapa. Colin McRae alishinda mbio za Safari kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, na kabla yao Patrick Njiru alikuwa amekwisha kuifanya Subaru kuwa jina la nyumbani. Mbio hizo ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, kizazi kilichokuwa hakijazaliwa wakati wa McRae kilijaa barabarani na magari yale yale. Injini yake ni bapa: silinda mbili zimelala upande huu na mbili upande ule. Mngurumo wake, ule wa kukatakata unaowafanya watu wageuke, hutokana na mabomba ya moshi ya upande mmoja kuwa marefu kuliko ya upande wa pili, hata mapigo yakafika kwenye makutano kwa nyakati zisizolingana. Mtengenezaji alipoyasawazisha mabomba hayo katika matoleo ya baadaye, mngurumo ule ulipungua. Oili haihusiki kabisa. Anayeniambia kwamba alibadilisha oili na Subaru yake ikanguruma vizuri zaidi, namsikiliza kwa adabu tu.

Mngurumo ukishatengwa, zinabaki sauti za ndani, na hapa ndipo Kiswahili kina hazina ambayo tumeisahau. Shuleni tunafundisha tanakali za sauti: anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, bisha hodi ngo! ngo! ngo! Wanafunzi huzikariri kama orodha ya wafalme waliokufa, wakajibu maswali mawili ya mtihani, basi. Nenda gerejini uone zinavyofanya kazi.

Nilijifunza hilo kwa mzee mmoja fundi wa eneo la Grogan, ambaye nilimpelekea mpwa wangu mwaka 2019. Kijana alikuwa amenunua Subaru iliyokwisha kutumika, ikiwa kimya kama maji ya mtungi. Akamwaga oili iliyokuwemo, ambayo ilikuwa nzito kama asali, akaweka 5W-30 kama kitabu cha gari kilivyoagiza. Siku ya tatu injini ikaanza kugonga. "Mjomba," akaniambia karibu kulia, "oili nyepesi imeniulia gari." Mzee yule alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye mwili wa injini na mpini kwenye sikio lake, akasikiliza huku akitusihi tunyamaze. Akahamisha ncha, akasikiliza tena. Kisha akasema: "Kijana, huku juu ni tik tik tik, hiyo haina neno. Huku chini ni ngo, ngo, ngo. Hiyo ni beringi. Haikuuawa jana." Injini ilipofunguliwa, beringi ya mkono wa pistoni ilikuwa imelika hadi shaba ikaonekana. Aliyeliuza gari alikuwa ameizika sauti hiyo ndani ya oili nzito. Oili nyepesi haikuiharibu injini. Iliifukua sauti iliyozikwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, ila katika biashara hii aliyeficha maradhi ni mmoja na aliyelia ni mwingine.

Tuzitazame sauti hizo kama alivyozipambanua mzee. Ile ya tik tik tik, nyepesi na ya haraka, hutoka juu kwenye vali. Katika injini nyingine mna vijikopo vidogo vinavyojazwa oili ili vizibe mwanya ulioko baina ya kemu na vali. Mazda MX-5 za mwanzo, zilizotoka mwaka 1989 hadi 1997, zilijulikana sana kwa sauti hiyo. Vijikopo vikikauka usiku, huliwa na mwanya hadi oili ifike. Ukiweka oili nzito hapo umevicheleweshea chakula, na sauti hudumu zaidi. Huu ni mfano mmoja ambapo tiba ya vijana wetu huongeza ugonjwa wenyewe.

Ya pili ni ko ko ko, butu, inayosikika injini ikiwa baridi na kutoweka ikipata moto. Hiyo ni pistoni inayoyumba ndani ya silinda kwa kuwa haijatanuka. Magari ya kasi huwa nayo mara nyingi, hasa yenye pistoni za kufuliwa, kwa sababu hizo hutanuka zaidi zikipata joto na hivyo hutengenezwa zikiwa na nafasi kubwa zaidi. Aghalabu haidhuru. Oili nzito kidogo huweza kuituliza, lakini kumtuliza asiyeumwa si utabibu.

Ya tatu ni ngo ngo ngo. Hii hutoka chini, huwa nzito (naam, hata sauti huwa nzito), huzidi injini ikiwa na moto na hufuata kasi ya mguu kwenye mafuta. Ni mwanya wa beringi uliopanuka kupita kiasi. Oili ya daraja la 50 itaufunika kwa muda, kisha siku moja katika mteremko wa Mai Mahiu mkono wa pistoni utatoboa ubavu wa injini. Mafundi wetu husema injini "imenoki", na kitenzi hicho, japo chatoka Uingereza, kimekwisha kupata uraia: kinanyambulika, kinakubali viambishi, kina maana iliyo mahususi kuliko ya kwao. Kwa Kiingereza neno hilo moja hutumika pia kwa ugonjwa tofauti kabisa, ambapo petroli hujilipukia ndani ya silinda kabla au nje ya wakati wake, kwa sauti ya kokoto zinazotikiswa mkebeni. Ugonjwa huo dawa yake ni petroli ya kiwango kifaacho na marekebisho ya mwako. Kijana asomaye ushauri wa Kiingereza hukuta neno moja na kuyachanganya magonjwa mawili. Anayemsikiliza mzee wa Grogan hachanganyi, kwa kuwa ngo si sauti ya kokoto.

Nisije nikaeleweka vibaya, sisemi oili nzito ni haramu. Injini ya BMW M3 iliyozinduliwa mwaka 2000 iliagiziwa 10W-60, ambayo ni nzito kupindukia. Porsche, kwa upande wake, imetumia 0W-40 kwa miaka mingi katika 911 zinazopozwa kwa maji. Yote mawili ni magari ya kasi, yote mawili hushika moto mkali, na kila moja lina oili yake kwa sababu mianya ya ndani na pampu zake zilipimwa kwa oili hiyo. Aendeshaye kwa mashindano, ambaye oili yake hupanda joto kuliko ya matatu ya Thika, ana sababu ya kupanda daraja moja, na vitabu vingi vya magari humruhusu. Pia ni kweli kwamba oili iliyochakaa huwa nyepesi kuliko ilivyonunuliwa, kwa sababu polima zinazoihifadhi mnato wake katika joto hukatwakatwa na gia na beringi. Mwenye injini yenye tabo, ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hastahili kungoja hadi kelele imkumbushe. Na kabla ya yote hayo, avute kile kijiti cha kupimia. Injini nyingi zinazolalamika hazina oili isiyofaa. Zina oili pungufu, na gari likikata kona kwa kasi ile kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa.

Sasa niwarudie walimu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, mwanafunzi wetu hujifunza mnato kwa Kiingereza katika somo la fizikia, hujifunza tanakali kwa Kiswahili katika somo la lugha, kisha hununua gari kwa hisia. Maarifa hayo matatu hayajawahi kukutanishwa kichwani mwake. Mwenzake aliyeacha shule akaenda jua kali ana sikio na ana lugha, ila mkebe anaoushika umeandikwa kwa lugha asiyoisoma vyema, na hakuna aliyemwambia kwamba W ni baridi. Tunatunga insha kuhusu methali mwaka hadi mwaka. Ni lini tulipomwomba mtahiniwa aeleze kwa Kiswahili sanifu kwa nini kitu fulani hutoa sauti fulani?

Kipindi kimoja chatosha kuanza, na hakihitaji maabara. Mwalimu atafute chupa mbili nyembamba za kioo zinazopenyeza mwanga. Ya kwanza aijaze oili ya 5W-30 na ya pili ya 20W-50, kisha atumbukize gololi moja katika kila chupa kwa wakati mmoja, na wanafunzi wahesabu sekunde hadi gololi ifike chini. Halafu aziweke chupa hizo katika karai la maji ya moto kwa robo saa, zipate joto polepole, na arudie. Wanafunzi waandike ukurasa mmoja wa walichokiona, pasipo neno la Kiingereza, kisha wasomeane. Watabishana juu ya "nzito" na "mnato", na nadhani watahitaji kipindi cha pili.